Shaaban Robert: Karani wa Tanga aliyekusanya hadithi, historia, muziki na imani katika kapu moja

SHAABAN Robert alipoaga dunia mnamo Juni 1962, Tanganyika ilikuwa imetimiza miezi sita tu ya uhuru, na rundo la kazi alizoziandika lilikuwa bado miswada. Kufikirika haikuwa imechapishwa. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilikuwa hazijaingia mitamboni. Utenzi wake mrefu kupita zote, ule wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ulikuwa ukingoja mchapishaji. Hata sehemu ya pili ya maisha yake, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, wasomaji walikuwa hawajaiona.

Gwiji huyo, ambaye mashabiki wa fasihi wamezoea kumlinganisha na Shakespeare wa Waingereza, alizikwa Machui karibu na mji wa Tanga akiwa na umri wa miaka 53. Katika uhai wake alilipwa mshahara kwa kazi ya ukarani. Uandishi, uliompa jina, ulimpa tuzo na sifa kuliko ulivyompa fedha.

Ni muhimu kulikumbuka jambo hilo kwa sababu wengi humjua kupitia darasani tu, na darasani mwandishi huonekana kana kwamba alizaliwa akiwa tayari kitabu cha mtihani. Ilhali wasomaji wake wa awali hawakuwa na mtihani wowote. Walimsoma kwa kuwa alikuwa na vitu walivyovipenda: ngano, habari za kale na za vita, nyimbo, na maswali kuhusu Mungu na mwisho wa binadamu. Duka la vitabu huvitenga vitu hivyo kila kimoja rafu yake. Shaaban alivikusanya katika kapu moja.

Alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, wakati ambapo pwani hiyo ilikuwa chini ya Wajerumani. Ukoo wa babake ulikuwa wa Wayao, watu wa kusini, ilhali yeye mwenyewe alikulia miongoni mwa Waswahili na kujihesabu kuwa mmoja wao. Jina lake liliwatatiza wengi, na lingali linawatatiza hadi leo. Shaaban ni mwezi wa Kiislamu na Robert ni jina la Kizungu. Kwa hivyo kuna waliomdhania kuwa Mkristo aliyesilimu, au Mwislamu aliyebatizwa. Ukweli ni kwamba alizaliwa, akaishi na kufa Mwislamu.

Alikuwa na miaka mitano Novemba 1914 wakati majeshi ya Uingereza yaliposhuka Tanga kutoka baharini na kufurushwa na Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika, katika vita ambavyo masimulizi yake hayakosi kuwataja nyuki waliowavamia wapiganaji vichakani. Miaka michache baadaye Wajerumani walishindwa na Waingereza wakatwaa nchi. Mtoto wa Vibambani akajikuta amebadilishiwa mtawala bila kuhama kijiji.

Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, ambako alihitimu akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi 11 waliofanya mtihani wa kumaliza shule. Elimu yake rasmi ilikomea hapo. Yaliyosalia aliyapata kwa kujisomea mwenyewe, hasa Kiingereza, na kwa kuzitia masikioni tungo za washairi wa pwani waliomtangulia.

Mwaka huo wa 1926 aliajiriwa na idara ya forodha. Kwa muda wa miaka 18 alikaa katika ofisi za bandari, Pangani ikiwa mojawapo, akiandika orodha za shehena na ushuru wake. Mnamo 1944 alihamia idara iliyoshughulika na wanyama, kisha mwaka wa 1946 akarejea Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 katika ofisi ya upimaji ardhi. Ngazi za utumishi wakati huo zilipangwa kwa rangi. Karani Mwafrika, awe hodari namna gani, alijua mahali ambapo ngazi yake ingekwisha. Shaaban aliliandika jambo hilo katika habari za maisha yake kwa sauti ya upole, na upole wenyewe unamwonyesha msomaji uchungu uliokuwamo.

Tungo zake zilianza kuonekana katika miaka ya 1930, hususan katika Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1923. Kurasa za mashairi za gazeti hilo zilikuwa baraza. Malenga wa Tanga alijibiwa na wa Zanzibar, wa Zanzibar akajibiwa na wa Bagamoyo, na wasomaji wakasubiri toleo la mwezi uliofuata kujua nani amemzidi mwenzake. Hapo ndipo Shaaban alipojifunza kuwa msomaji hushikwa kwa sikio kwanza.

Vitabu vilikuwa haba. Mnamo 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa, na Kiswahili cha Unguja kikateuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, uamuzi ambao haukuwafurahisha mashabiki wa Kimvita na Kiamu hata kidogo. Vitabu vingi vilivyotolewa kwa lugha hiyo mpya vilikuwa tafsiri za hadithi za Kiingereza: Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina na vingine vya aina hiyo. Nchini Kenya, James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka wa 1934, lakini kitabu hicho kilisimama karibu peke yake. Mpenzi wa hadithi aliyetaka kusoma jambo lililobuniwa na Mswahili kwa Kiswahili hakuwa na pa kwenda ila kwenye tenzi za kale.

Shaaban aliikubali lugha sanifu bila kinyongo, kisha akafanya jambo ambalo kamati haikuweza kulifanya: akaipamba. Lugha iliyotokana na maamuzi ya maofisa ilipopita katika kalamu yake ilitoka na mdundo, methali na ukwasi wa maneno. Wapo wanaolalamika kwamba sentensi zake zinajisikia, kwamba hupanga misemo mitatu pale ambapo mmoja ungetosha. Malalamiko hayo yana ukweli. Hata hivyo, msomaji anayezisoma kwa sauti hutambua kwamba ziliandikwa na mtu aliyezoea kusikilizwa.

Ajabu ni kwamba diwani yake ya mashairi, Pambo la Lugha, ilichapishwa Johannesburg mwaka wa 1947 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kitabu cha kuisifu na kuipamba lugha ya pwani ya Afrika Mashariki kilitolewa katika nchi ambayo watu wake hawakuzungumza lugha hiyo, mwaka mmoja kabla ya chama kilicholeta ubaguzi rasmi wa rangi kuingia mamlakani huko. Marudi Mema ilifuata mwaka wa 1952 na Kielezo cha Insha mwaka wa 1954, zote kutoka chuo hicho hicho. Maisha Yangu ilitolewa na kampuni ya Nelson mwaka wa 1949, Kusadikika na hiyo hiyo mwaka wa 1951, na Adili na Nduguze na Macmillan mwaka wa 1952. Kwa maneno mengine, mwandishi alikaa Tanga, msomaji alikaa Tanga au Mombasa, na kitabu kilizunguka Uingereza au Afrika Kusini kabla ya kuwakutanisha.

Kusadikika ndiyo iliyomweka katika nyoyo za wasomaji. Nchi yenyewe haipo ardhini, imening'inia hewani. Kijana Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria, na mshtaki wake ni waziri mkuu Majivuno. Mshtakiwa hatetewi na wakili. Anajitetea mwenyewe kwa siku sita, na kila siku anasimulia safari ya mjumbe mmoja. Wajumbe hao walitumwa pande nne za dunia, juu mbinguni na chini ardhini kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, na kila aliyerudi na jambo jema alitupwa gerezani.

Msomaji apendaye ngano hupata humo ndege, maajabu na safari za hatari. Anayependa mambo ya mahakama hupata kesi yenye mvutano. Na yule aliyekuwa akiishi Tanganyika au Kenya mwaka wa 1951 alikuwa na njia ya tatu ya kusoma. Nchi ambamo watawala hawataki raia wajue sheria, ambamo wanaopeleka mapendekezo ya mageuzi hufungwa, haikuhitaji kuelezwa iko wapi. Mwaka uliofuata hali ya hatari ilitangazwa Kenya na viongozi wakakamatwa. Shaaban hakuwa ameandika juu ya Kenya, lakini wasomaji wa Kenya hawakuwa na haja ya kuambiwa Majivuno ni nani.

Kwamba kitabu hicho kilichapishwa na kampuni ya Waingereza chini ya serikali ya Waingereza ni kichekesho ambacho bila shaka mwandishi alikifurahia kimyakimya. Karani wa serikali hakuwa na nafasi ya kuhutubia mkutano wa hadhara. Alikuwa na nafasi ya kutunga nchi inayoelea hewani.

Adili na Nduguze inatembea njia nyingine. Kiini chake kimetoka katika Alfu Lela U Lela, kwenye kisa cha mtu na nduguze wawili wenye choyo. Katika mkono wa Shaaban nduguze hao, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani kwa sababu ya uovu wao, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku kwa amri ya jini ilhali moyo unamuuma. Wapo wahakiki waliosema baadaye kuwa wahusika wa aina hiyo si watu bali ni sifa zilizovishwa kanzu: ukimjua jina umeshamjua tabia. Hoja hiyo ilipata nguvu hasa miaka ya 1970, wakati waandishi wengi wa Tanzania waliegemea ujamaa, wakitaka fasihi ionyeshe matabaka na mapambano yake badala ya mtu mmoja mwema anayeshinda kwa wema wake.

Wahakiki hao hawakukosea, ila walisahau kuuliza kwa nini watu waliendelea kusoma. Tukio la mtu anayemchapa nduguye huku akilia, kisha akikaa naye kula, halihitaji wahusika wenye nafsi tatanishi ili limshike msomaji. Kuna jambo katika familia nyingi linalofanana nalo.

Historia aliiandika kwa utenzi. Vita vilipozuka mwaka wa 1939 na maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki wakapelekwa Uhabeshi na Burma, Shaaban alianza kuzikusanya habari na kuzipanga kwa vina. Matokeo yake ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi yenye beti zipatazo 3,000, inayovifuatilia vita hivyo hadi 1945. Jina alilolichagua linastahili kutazamwa mara mbili. Mtu aliyetawaliwa aliviita vita vya watawala wake kuwa vita vya uhuru. Aliamini kwa dhati kwamba dhuluma ya Hitler ilipaswa kushindwa, na msomaji wa Tanga ambaye kaka yake hakurudi kutoka Burma aliweza kujiuliza uhuru huo ungefika lini nyumbani.

Si rahisi kusoma beti zote hizo siku hizi. Kuna sehemu zinazochosha, zenye majina ya majemadari na miji ya mbali yaliyofinyangwa ili yaingie katika mizani. Lakini wazo lenyewe lilikuwa la mtu anayewajua wasomaji wake. Pwani ilikuwa imezoea kuhifadhi vita kwa tenzi tangu enzi za Tambuka. Kuvipeleka vita vya vifaru na ndege katika utenzi kulimfanya msomaji avione kuwa sehemu ya historia yake, wala si habari za Wazungu zilizoangukia kwake kwa bahati mbaya.

Muziki ndio uliozaa kitabu chake ambacho pengine kina utu mwingi kuliko vingine vyote. Shaaban hakuutenga wimbo na shairi. Kwake vilitofautiana kwa ukubwa tu, utenzi ukiwa kileleni. Mtu mwenye mawazo hayo hangeshindwa kuvutiwa na Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880, katika ukoo wa watu maskini, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza, na inasimuliwa kuwa sauti yake ya kunadi vyungu ilimtangulia njiani. Mnamo 1911 alihamia mjini Zanzibar. Huko alifunzwa muziki, akajiunga na wapigaji, na taarabu ambayo ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa ikapata mwimbaji mwanamke aliyeiimba kwa Kiswahili. Mwaka wa 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikaanza kusikika majumbani Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Aliimba mapenzi, na aliimba pia dhuluma na hukumu za mahakama ambazo watu wa kawaida walizinung'unikia.

Wapo waliomcheka. Walimsema kwa sura yake, kwa asili yake na kwa ufukara wake. Alifariki Julai 1950, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amekutana na Shaaban na kumsimulia maisha yake. Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa mwaka wa 1958 na kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kisha ukatolewa kama kitabu miaka ya 1960.

Uzito wa tendo hilo unaonekana ukitazama nani aliyekuwa akiandikiwa wasifu wakati huo. Vitabu vya maisha vilihusu masultani, wamishenari, wapelelezi wa Kizungu na, mara chache, machifu. Shaaban alimchagua mfinyanzi aliyekuwa mwimbaji. Hakumfanya malaika, japokuwa anamsifu kupita kiasi mahali fulani, na mtu anayetafuta tarehe kamili za kila rekodi hatazipata humo. Alichofanya ni kushikilia kuwa mwanamke asiye na ukoo wala mali anastahili kukumbukwa kwa kazi yake. Wanafunzi wengi wa Tanzania walikuja kukisoma shuleni. Kwa kiasi fulani ni kwa sababu ya kitabu hicho kwamba jina la Siti lilidumu hata miongoni mwa watu ambao hawakuwahi kusikia sahani yake moja.

Huenda karani wa Tanga alijiona katika maisha ya mfinyanzi wa Fumba. Wote wawili walikuwa na kipaji kilichowazidi vyeo vyao, na wote kazi yao ilisafiri hadi ng'ambo, Bombay kwa mmoja na Johannesburg kwa mwingine, ili irudi kwa watu wao ikiwa na bei.

Imani ilikuwa katika kila alichoandika, lakini si kwa namna ya mhubiri anayetaka kuongeza waumini. Yalipomfika makubwa, kama vile kifo cha mkewe wa kwanza, Amina, aliomboleza kwa shairi ambalo watu wamelihifadhi kwa moyo vizazi na vizazi. Kwa bintiye alitunga utenzi wa wosia, na kwa mwanawe wa kiume mwingine. Msomaji wa Kenya atamkumbuka mara moja Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia bintiye utenzi wa aina hiyo mnamo 1858. Shaaban aliifuata njia hiyo kama baba, jambo ambalo linastahili kutajwa kwa kuwa malezi ya binti yalihesabiwa kuwa kazi ya mama.

Kisha akafanya jambo lililowashangaza baadhi ya wacha Mungu: akamfasiri Omar Khayyam. Mshairi huyo Mwajemi wa karne ya 11 na 12 anasifika kwa rubai zake kuhusu ufupi wa maisha, mvinyo, na mashaka juu ya wanaojidai kujua siri za mbinguni. Shaaban alitumia tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald na kumgeuza Khayyam azungumze Kiswahili, na kazi hiyo ilitoka mwaka wa 1952. Mwislamu thabiti hakuogopa kumkaribisha mgeni mwenye maswali. Katika Siku ya Watenzi Wote, aliyoiandika karibu na mwisho wa maisha yake, aliwaza kwa upana zaidi juu ya dini mbalimbali na namna watu wa imani tofauti wanavyoweza kusaidiana kuwaauni maskini. Kama riwaya, kitabu hicho kina mazungumzo mengi kuliko matukio. Kama kitabu cha kutafakari, kimepata wasomaji ambao hawangegusa riwaya nyingine.

Katika miaka hiyo ya 1950 heshima zilimjia. Alipata nishani ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Uingereza ikamtunuku MBE. Alikalia viti katika baraza la mji wa Tanga na katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini heshima hazilipi karo. Wachapishaji walitoa malipo madogo, miswada ilichukua miaka kujibiwa, na mwandishi hakuwa na sauti katika bei ya kitabu wala mahali pa kukiuza.

Mwishoni mwa miaka hiyo aliamua kuchapisha mwenyewe. Kwa jina la Art and Literature, akiwa papo hapo Tanga, alitoa Insha na Mashairi. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri na wa hasara. Mtu mmoja asiye na mtaji, asiye na maduka wala magari ya kusambaza, hakuweza kushindana na kampuni zenye ofisi Nairobi na London. Tatizo hilo waandishi wa Kiswahili wa Kenya na Tanzania wanalijua vizuri mno hata sasa, na wengi wao wamepita njia hiyo hiyo wakiwa na maboksi ya vitabu chini ya kitanda.

Alistaafu mwaka wa 1960. Alikuwa na miaka miwili tu ya kuishi.

Baada ya kifo chake milango iliyokuwa mizito ilifunguka kwa kasi. Tanganyika huru ilihitaji vitabu vya shule, na Kiswahili kilikuwa kikipandishwa kuwa lugha ya taifa. Nelson ilitoa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini pamoja mwaka wa 1966. Mwaka uliofuata Oxford University Press ya Nairobi ikatoa Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru. Utubora Mkulima, kisa cha mtu anayeacha kazi ya mshahara mzuri ili akalime shamba, ilitoka 1968 pamoja na Siku ya Watenzi Wote. Serikali iliyohubiri kurudi mashambani baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa imepata riwaya iliyoandikwa kabla ya azimio lenyewe.

Hivyo basi kizazi kilichomfanya Shaaban kuwa mashuhuri kuliko wote ni kizazi ambacho hakikumkuta. Wanafunzi walioinama juu ya Kusadikika katika shule za Tanzania na Kenya, wakibishana kama Majivuno ni mkoloni au ni kiongozi wa baada ya uhuru, walikuwa wakimsoma mtu ambaye hakuwahi kujua kwamba angesomwa na watu wengi kiasi hicho. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilianza kuvichapisha upya vitabu vyake, na kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya kazi hizo ikawa inatolewa na wachapishaji wa nchi yake mwenyewe.

Mnamo 2002, miaka 40 baada ya kuzikwa, kikatoka kitabu kingine ambacho hakukiandika kama kitabu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Nduguye alikuwa amezihifadhi miaka yote hiyo. Humo hamna Kusadikika wala majini. Mna habari za jamaa, afya, fedha, uhamisho wa kazi na miswada iliyotumwa kwa wachapishaji, zote kwa Kiswahili kile kile kilichonyooka ambacho Tanga ilikijua kabla ya ulimwengu.